Sura ya Saba: Jina Lisiloombewa

"Hapa Ain Shmuni, nani alikuwa anachechemea?"

Nuhra Yamin aliinua kichwa. Alikuwa amekaa juu ya gunia lililokunjwa, mgongo ukutani, katika chumba cha nyuma cha kituo ambacho siku zote kilikuwa cha kuwekea kuni. Vipande vya magome vilikuwa vimemng'ang'ania kwenye suruali.

"Afande, jana mmeniuliza siku nzima nimemuua nani. Leo unaniuliza nani anachechemea. Kesho mtataka kujua nani ana kipara?"

"Nijibu."

"Tunaishi mlimani. Nusu ya kijiji inachechemea. Mimi mwenyewe goti hili..."

"Mguu wa kushoto," alisema Inspekta Naum Ghusub. "Mfupa wa muundi ulivunjika utotoni, ukaungwa vibaya. Mwanamume wa umri kama miaka thelathini."

Nuhra akacheka. "Ah, huyo ni Zakhia Shalita! Alianguka kutoka kwenye mti wa jozi wa kanisa akiiba jozi za Padre. Akafungwa mguu na bibi yake kwa vijiti na mayai, ukapona umepinda kama kipini cha mundu. Lakini huyo umemkosa, afande. Huyo yuko Brazili, anakula..."

Kicheko kikamkatikia kooni.

Naum alimwacha alifikie jibu mwenyewe.

Mifupa ilikuwa imeonekana mwanzoni mwa juma, baada ya mvua kubwa ya Kwaresima kuubomoa ukuta wa mawe unaotenga ngazi za shamba la Nuhra, zilizokatwa kwenye mteremko, na zile za akina Shalita. Daktari aliyepanda kutoka Tripoli alisema fuvu limepasuliwa kwa nyuma, na kwamba maiti ilikaa pale miaka minane au tisa hivi. Kijiji kilidhani ni mpita njia. Lakini ukuta ule aliujenga upya Nuhra kwa mikono yake, hilo kila mtu alilijua. Na Nuhra alikuwa na mdomo. Mara ngapi alisimama juu ya ukuta huo huo na jembe begani, akitangaza kwamba atakayeigusa zamu yake ya maji atamlaza chini yake? Kapteni wa kituo hakuhitaji zaidi. Kesho asubuhi gari lingemteremsha Nuhra mpaka Tripoli, mbele ya hakimu, na mtu akishafika huko kwa kesi ya kuua, kurudi ni majaliwa. Usiku uliopita kuna waliorusha mawe juu ya paa la nyumba yake. Mkewe alikuwa ameshawapeleka mabinti kwa dada yake.

"Zakhia," alisema Nuhra polepole. "Zakhia yuko chini ya ukuta wangu?"

"Mligombania maji."

"Kwa maji nimegombana hata na Padre! Kwa mdomo huu nimeshakizika kijiji kizima, afande, na wote wako hai wanakula dengu. Lakini Zakhia ni mtu wa mwisho ambaye ningemgusa. Alikuwa ananiuzia ngazi ya juu, ile yenye chemchemi. Tulishapeana mkono. Tungeshuka kwa karani baada ya Sikukuu ya Msalaba. Sasa niambie wewe uliyesoma, nani anamuua mtu anayemuuzia maji?"

"Nani mwingine alijua?"

"Sijui. Alisema kwao atawaambia mwenyewe, kwa wakati wake. Basi asubuhi ya Msalaba nasikia amekwenda Brazili. Hakuniaga wala nini. Miaka yote hii nimemtukana." Alijifuta mdomo kwa kiganja kana kwamba matusi bado yamebaki pale. "Mungu anisamehe. Nilikuwa namtukana, naye amelala chini ya miguu yangu."

"Nani alikwambia kwamba amekwenda?"

"Mdogo wake, Dumit. Yeye ndiye aliyemsindikiza mpaka barabara kuu."

Naum alisimama. "Jina hili libaki humu ndani. Hata mkeo akileta chakula, usilitaje."

"Nimwambie nani? Panya?"

Nje kwenye ukumbi, Kapteni alikuwa akimenya chungwa. Alikuwa mtu wa mjini, na mlima ulimchosha.

"Amekutajia jina? Vizuri. Sasa tuna maiti yenye jina, tuna ugomvi, tuna ukuta. Unataka nini tena, Naum?"

"Mikono, Kapteni."

"Mikono gani?"

"Ya marehemu. Ilikunjwa kifuani, wa kulia juu ya wa kushoto. Miguu ilielekezwa mashariki. Na chini ya vidole kulikuwa na vijiti viwili vya mzabibu vimefungwa msalaba kwa uzi wa kutungia tumbaku."

"Nuhra naye ni Mkristo. Na tumbaku analima."

"Nuhra ni mtu wa hasira. Mwenye hasira humtupa mtu. Hakai kumpanga vidole."

Kapteni akatema mbegu kwenye kiganja. "Vidole havitasimama mbele ya hakimu. Gari likifika kesho, namtia ndani. Kama una kitu, niletee kitu."

*

Kengele ya adhuhuri ilikuwa ikilia Naum alipofika kwa akina Shalita, na mfungo wa asubuhi ulikuwa unakwisha. Karime, mke wa Dumit, alikuwa akitandika chakula juu ya meza fupi: dengu kwa mchele, vitunguu vya kukaanga, zaituni, mkate. Watoto watatu walikuwa wameshakaa, mikono ikisubiri ruhusa. Kando ya jiko la chuma alikaa mama mkwe wake, kizee chenye kitambaa cheusi kichwani, akichambua dengu za kesho kwenye sinia. Kijiji kizima kilimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza: Mama Zakhia.

"Karibu, afande, umetukuta mezani, ndiyo bahati," alisema Karime. "Chakula cha Kwaresima, lakini. Nyama tuliiaga."

"Nyama yenyewe ilishatuaga kabla ya Kwaresima," alisema Mama Zakhia bila kuinua macho, na watoto wakacheka.

Dumit alitoka chumba cha nyuma akipangusa mkasi wa kupogolea. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ya chini, na watu walimwita Baba Yusufu kwa jina la mwanawe, aliyerithi jina la babu. Ndiye aliyefungua milango ya kanisa kila alfajiri, na ndiye aliyebeba msalaba mbele ya maandamano. Padre akisafiri, watu walimwomba Dumit awaongoze rozari.

"Mmempata mwenye mifupa?" aliuliza.

"Bado tunahangaika. Leo nimekuja kwa habari ya ukuta. Ndugu zake Nuhra wanasema ukuta ni wenu tangu mababu, kwa hiyo kilicho chini yake si cha kuulizwa yeye. Nataka kujua nani aliujenga, nani alirithi, nani alikuwepo. Nieleze habari za nyumba hii tangu mwanzo, Baba Yusufu."

Hilo la ndugu zake Nuhra alilitunga njiani. Lakini alijua kwamba mkulima wa mlima ule, ukimuuliza jana alikuwa wapi, atakufungia mdomo, na ukimuuliza babu yake alitoka wapi, atakuvutia kiti.

Dumit alivuta kiti. Alieleza vizuri, kama mtu aliyezoea kuwasimulia watoto. Babu wa babu alishuka kutoka vijiji vya juu akiwa na nyumbu mmoja na sanamu ya Bikira Maria iliyofungwa ndani ya blanketi. Mteremko huu ulikuwa mawe matupu. Akayapanga mawe kuwa kuta na akabeba udongo kwa vikapu kutoka bondeni, ngazi baada ya ngazi. "Mungu amrehemu." Mwanawe akapanda miforosadi na kufuga viwavi wa hariri ndani ya nyumba, watu wakilala nje ili viwavi wapate joto. "Mungu amrehemu." Halafu ikaja njaa ya vita vya kwanza, nzige wakala hata magome, na babu yao Shalita akawazika ndugu zake wawili kwa juma moja. "Mungu awarehemu wote."

"Na ukuta?"

"Ukuta aliujenga babu na baba yake Nuhra, kwa kusaidiana. Mungu awarehemu. Hariri ilipokufa, baba yangu Yusufu alikata miforosadi yote akapanda tufaha. Watu walimwona mwendawazimu." Alielekeza mkasi kwenye picha ukutani, mzee mwenye masharubu, utepe mweusi pembeni ya fremu. "Mungu amrehemu. Amekufa akiziona zimezaa."

"Wengine walikwenda ng'ambo?"

"Nani hakwenda? Baba mdogo Barakat alikwenda Meksiko. Mungu amrudishe salama. Binti yake shangazi, Nazha, yuko Australia na mumewe. Mungu awarudishe salama. Zakhia, kaka yangu, alikwenda Brazili. Kahawa yako unainywa vipi, afande? Karime, mtengenezee bila sukari."

Naum akashukuru. Aliuliza kama chemchemi ilikuwepo tangu babu wa babu, akajibiwa. Aliuliza miti ya tufaha ya ngazi ya juu ina umri gani, akajibiwa. Lakini sikio lake lilikuwa limebaki nyuma, pale Brazili. Huko kwao Naum, bonde la pili kutoka hapa, mtu aliyekufa hatajwi bila kuombewa rehema, na aliye ng'ambo hatajwi bila kuombewa kurudi. Maneno hayo hutoka yenyewe, kama pumzi. Dumit aliyatoa kwa kila mtu, hata kwa babu ambaye hakumwona. Kwa kaka yake tumbo moja hakutoa neno.

Labda ni kahawa iliyomkatiza. Naum alikuwa ameshawahi kumfuata mtu siku mbili bure kwa sababu ya kikohozi tu.

"Anaandika, huyo wa Brazili?"

"Hakujua kusoma," alisema Dumit. "Mwanzoni watu walituletea salamu zake. Siku hizi kimya. Ndivyo ng'ambo ilivyo."

"Alipata pasipoti wapi? Nimeulizia Beiruti leo asubuhi kwa simu. Jina lake hawana."

Karime aligeuka. Dumit hakugeuka. "Wangapi wamekwenda bila pasipoti, afande? Kwa karatasi za mtu mwingine, chini ya sitaha, kwa kumhonga baharia. Kumwulizia huko ni kupoteza simu ya serikali."

Ilikuwa kweli. Binamu yake Naum mwenyewe alikwenda Amerika kwa jina la maiti. Njia hiyo ikafungika hapo hapo.

Walikula. Watoto walipomaliza, Mama Zakhia aliweka sinia chini, akafanya ishara ya msalaba, na nyumba nzima ikanyamaza kama inavyonyamaza kwa kitu cha kila siku.

"Ee Mama wa Mungu, uliyempoteza mwanao ukampata hekaluni, nirudishie Zakhia wangu salama, nimwone kabla sijafumba macho."

"Amina," alisema Karime.

"Amina," walisema watoto.

Naum alifungua mdomo. Alilelewa kuitikia, na mama yake alikuwa akimfinya asipoitikia. Lakini neno lilikataa kutoka. Tangu asubuhi alijua Zakhia amelala ndani ya sanduku la mbao kwenye kituo, na huwezi kumwomba Mungu amrudishe salama mtu ambaye umemwona mifupa. Ulimi wenyewe unakataa.

Ndipo alipoinua macho na kuona kwamba ndani ya chumba kile kulikuwa na ulimi wa pili uliokataa. Dumit alikuwa akipangusa mkasi, ambao ulikuwa safi tangu zamani.

"Kila siku mnasali hivi?" Naum alimuuliza Karime kwa sauti ya kawaida.

"Kila siku, afande. Tangu nilipoolewa humu."

"Na Baba Yusufu ndiye anayewaongoza?"

"Ah, huyo!" Karime akacheka. "Kanisani anasali mpaka taa zinazimika. Nyumbani anatuachia sisi. Nimeshamwambia, Mungu atadhani humtaki kaka yako."

Naum aliweka kikombe chini. "Twende ukanionyeshe mpaka."

*

Ukuta ulikuwa umelala chali katikati ya ngazi mbili, mawe yamemwagikia upande wa Nuhra. Shimo walilolichimba polisi lilikuwa limejaa maji ya mvua. Dumit alisimama mbali nalo kidogo. Alieleza mpaka ulipoanzia na ulipoishia, akionyesha kwa mkasi, na jicho lake halikushuka kwenye maji hata mara moja.

"Baba Yusufu, nina ombi dogo," alisema Naum. "Muombee kaka yako."

"Vipi?"

"Kama ulivyomwombea baba mdogo wa Meksiko. Sema, Mungu amrudishe Zakhia salama."

Dumit alitabasamu nusu. "Ndiyo upelelezi wa siku hizi?"

"Ni maneno machache. Mama yako anayasema kila siku."

"Sala si kitu cha kuchezea, afande."

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Ningekuwa namtaka mtu wa kuchezea sala ningemwomba Kapteni."

Upepo ulipita kwenye mitufaha ambayo haijachipua. Upande wa pili, juu ya njia, mbwa wa Nuhra alikuwa amefungwa peke yake, akibweka bila sababu.

"Watu umewadanganya," alisema Naum. "Kijiji kizima umekidanganya, na mama yako, na mkeo unayelala naye. Barabara kuu, salamu za watu, karatasi za mtu mwingine, yote umeyasema bila kupepesa. Hilo moja tu huliwezi. Kwa sababu hilo huniambii mimi, unamwambia Yeye, na Yeye anajua Zakhia yuko wapi. Haya. Nikosee. Sema."

Dumit alifumbua mdomo. Mkasi ulianguka kwenye tope.

"Mungu amrehemu," alisema Dumit, akakaa juu ya mawe.

Naum alisubiri. Mtu akishalitoa la kwanza, la pili hulifuata kwa shida, na anayelisukuma hulirudisha ndani.

"Ni baba," alisema Dumit hatimaye. "Zakhia alitaka kuuza ngazi ya juu. Chemchemi! Ardhi ambayo babu alibeba udongo wake mgongoni, aiuze kwa Nuhra apate nauli ya Brazili. Alikuja kusema hapa hapa, mkesha wa Msalaba, watu wote wako kilimani kwenye mioto. Wakagombana. Zakhia akageuka aondoke. Baba alikuwa na jembe mkononi."

"Na wewe?"

"Nilifika amekwisha kulala. Ukuta ulikuwa umebomoka, Nuhra alikuwa amechimba msingi ili aujenge upya baada ya sikukuu. Tukamweka humo, tukamfukia. Nilimkunja mikono. Nilimfanyia msalaba. Nilisema sala zote ninazozijua." Alifuta uso kwa mkono wenye tope. "Nuhra akaja akajenga juu yake, anaimba."

"Nuhra yuko kwenye chumba cha kuni. Kesho wanampeleka Tripoli kwa jambo hili."

"Nilikuwa namwomba Mungu anionyeshe njia."

"Njia ni ile inayotoka hapa mpaka kituoni. Unaipita kila siku ukienda kanisani."

Dumit aliinamisha kichwa. Halafu akaanza kusema haraka, kwa mara ya kwanza tangu adhuhuri. "Nitakuja. Nitatia saini. Baba ni marehemu, hakuna wa kufungwa. Nuhra atoke leo hii. Nitamwomba msamaha mbele ya kanisa zima. Lakini nakuomba kitu kimoja, afande, kwa ajili ya mama yako: usimwambie mama. Mwacheni aamini Brazili. Mwambieni mifupa ni ya mpita njia, tumzike kama mpita njia, nitamlipia misa mimi mwenyewe. Ni kizee. Siku zake zimebaki ngapi?"

Naum aliyapima maneno hayo moja moja. Yalikuwa maelezo mazuri. Yalimtoa Nuhra, yalimwacha Dumit nyumbani kwake, hayakumfunga mtu, na mama alibaki na tumaini lake. Katika kazi yake alikuwa ameona maelezo mengi ya kweli, na hakukumbuka hata moja lililomfaa kila mtu.

"Siku hiyo nani mwingine alikuwa nyumbani?"

"Hakuna."

"Mama yako?"

"Hakuwepo. Alikuwa mbali."

"Mbali wapi?"

Dumit aliokota mkasi, akaufuta kwenye suruali. "Kwa jamaa. Sikumbuki vizuri."

Na huyu ndiye mtu aliyekumbuka kwamba babu wa babu yake alishuka na nyumbu mmoja.

"Maelezo yanayomtuhumu marehemu hayasimami peke yake," alisema Naum. "Ndivyo sheria inavyotaka. Lazima awepo aliye hai wa kusema marehemu alikuwa wapi. Tena mtu huyu atazikwa kwa jina lake, na kengele italia, na mama yako ana masikio. Twende. Utamwambia mwenyewe, na mimi nitakuwepo."

"Afande, nakusihi."

"Twende."

*

Karime alikuwa amewatoa watoto nje. Mama Zakhia alikuwa amerudi kwenye sinia lake, vidole vikitenga mawe madogo na dengu kwa kasi ya mtu asiyehitaji kutazama. Dumit alipiga magoti kando ya jiko, na vidole vya mama yake vikasimama. Mwanawe hakuwahi kumpigia magoti ila siku ya harusi yake, akiomba baraka.

"Mama. Zakhia hayuko Brazili."

Kizee kilisukuma sinia kando.

"Hakwenda. Yeye ndiye... Mifupa ya ukutani, mama."

Naum alidhani angepiga kelele. Karime ndiye aliyepiga, mara moja, akajiziba mdomo kwa shuka ya meza. Mama Zakhia aliinua mkono, ukatafuta mahali hewani, ukatua juu ya kichwa cha mwanawe aliyebaki.

"Tangu lini?"

"Mkesha wa Msalaba. Ule mwaka."

"Na aliyemfanya hivyo?"

Dumit alikazana kutazama sakafu.

"Nijibu, mwanangu."

"Mwanao anasema ni baba yake," alisema Naum. "Anasema waligombana kwa ajili ya chemchemi, na mzee alikuwa na jembe."

Mkono ulibaki pale pale kichwani. Mama Zakhia aligeuza uso taratibu mpaka kwenye picha yenye utepe mweusi. Kisha akamtazama Dumit, utosi, mabega, vidole vilivyojaa tope. Naum hakusogea. Aliona jinsi macho yale makavu yalivyokwenda kwenye picha, yakarudi kwa mwana, yakaenda tena, na akafahamu kwamba kizee kimekwisha kuelewa yote. Angeweza kunyamaza. Aliye pichani hakuna wa kumtia pingu. Aliye miguuni pake ndiye pekee aliyebaki kumzika.

"Baba Zakhia," alisema mwishowe, akimwita mumewe kama alivyomwita maisha yote, "mkesha wa Msalaba ule alikuwa kitandani kwenye hospitali ya watawa, kule bondeni. Mguu ulimvimba kwa kisukari. Kikombe cha maji hakuweza kukishika, nikimshikia mimi. Nililala chini kando ya kitanda chake tangu sikukuu ya kuzaliwa Bikira Maria. Watawa walimgeuzia kitanda dirishani aione mioto ya mlimani, naye akalia kwa sababu hayupo. Tuliporudi, zabibu zilikuwa zimeshakamuliwa." Akamwinamia mwanawe. "Ni wewe uliyekuja kutuchukua, Dumit. Ulikuja na nyumbu. Nikakuuliza, mbona umekuja peke yako, kaka yako yuko wapi?"

Dumit alikuwa ameweka paji la uso kwenye goti la mama yake.

"Nilitaka tu asigeuke," alisema ndani ya gauni jeusi. "Nilitaka asimame anisikilize. Alikuwa anaondoka, mama."

Naum alisogea. Kulikuwa na maneno ambayo sheria ilimtaka ayaseme hapo, kuhusu haki ya mtuhumiwa na hakimu, akaanza kuyasema. Kizee kikainua mkono wa pili kumzuia.

"Nuhra yuko wapi?"

"Kituoni, mama," alisema Naum.

"Leo atalala kwake?"

"Leo hii."

"Karime, nenda kwa mkewe. Mwambie awarudishe mabinti. Usimweleze kitu kingine, mwambie nimesema mimi." Alisubiri mpaka mlango ulipofungwa. "Inuka, Dumit. Chukua kigoda. Pale ni mbali, njoo hapa karibu, masikio yangu yameisha. Afande atasubiri."

Pingu zilikuwa kwenye mfuko wa koti la Naum, na Kapteni alikuwa akisubiri kuletewa kitu. Naum alivua kofia, akaenda kukaa kwenye kizingiti, mahali ambapo mtu hawezi kupita bila kumruka.

Nyuma yake kigoda kilikwaruza sakafu.

"Sasa anza tangu mlipotoka nyumbani," alisema mama. "Alikuwa amevaa nini?"